Wanga na Mwanga

Katika Kiswahili lipo neno moja lenye nyuso mbili ambazo hazitazamani. Mwanga, ukifanywa wingi kuwa mianga, ni nuru: ya jua, ya kandili, ya alfajiri inayochomoza baharini. Mwanga akifanywa wingi kuwa wanga ni mtu wa giza, yule anayetoka usiku wa manane watu wamelala, akapanda ungo wake na kupita juu ya mapaa kwenda kuwanga. Mshairi hulipenda neno la namna hii kwani humpatia kina na maana kwa pigo moja. Mfasiri hulishika kwa tahadhari, kwa kuwa asipoangalia humgeukia mkononi.

Neno hilo huja lenyewe kila inapotajwa khabari ya kikosi kimoja cha anga cha Umoja wa Kisovieti katika Vita vya Pili vya Dunia. Kikosi hicho kilikuwa cha wanawake watupu, tangu kamanda hadi fundi wa kujaza mafuta, na kazi yake ilikuwa kuvuka mstari wa mapigano usiku na kuyapiga mabomu majeshi ya Ujerumani. Kwa mujibu wa kumbukumbu za wanawake wenyewe, askari wa Kijerumani waliwapa jina la Nachthexen. Aghalabu jina hili hufasiriwa kuwa "wachawi wa usiku", na tafsiri hiyo si kosa, ila sikio la mtu wa pwani huisikia imezidi kipimo: mchawi gani anayeruka mchana? Wanga ndilo neno lake. Tofauti ni chombo tu. Mchawi wa Ulaya hupanda ufagio, na husemwa kuwa ufagio ndio uliozaa jina lile, kwa sababu rubani alipoikaribia shabaha aliipunguza injini mpaka ikanyamaza, ndege ikateremka kwa kuelea, na kilichosikika chini kilikuwa ni upepo ukipita katika nyaya za mabawa, kama mtu anayefagia uani gizani.

Warusi walipolichukua jina hilo walilitia katika neno lao wenyewe, ved'ma, ambalo mzizi wake ni kujua. Mchawi wa kike wa Kirusi, kwa asili ya neno, ni mwanamke ajuaye. Irina Rakobolskaya, aliyekuwa mnadhimu wa kikosi hicho, na Natalya Kravtsova, aliyekuwa rubani wake kwa jina la Meklin kabla ya kuolewa, walipotoa kitabu chao cha kumbukumbu mwaka 2002 waliliweka jina hilo juu ya jalada, lakini kwa kauli ya kutendwa: waliitwa hivyo. Hawakusema kuwa walikuwa hivyo. Msomaji wa mashairi anajua uzito wa kauli kama hiyo. Jina walipewa na adui, wakalipokea kama mtu anavyopokea zawadi ambayo hakuiomba, na kauli ya kitenzi ikalinda mpaka baina ya jina na mwenye jina.

Mpaka huo unastahili kulindwa, kwani jina tamu lina tabia ya kumficha mtu. Anayesikia habari za wanga hutazamia miujiza. Kilichofanyika katika usiku ule hakikuwa muujiza wowote. Kilikuwa kazi, hesabu, baridi na mikono iliyochubuka.

Aliyekianzisha alikuwa Bi Marina Raskova, aliyezaliwa mwaka 1912 na ambaye ujanani alikuwa akisomea muziki kwa nia ya kuimba opera. Maisha yakampeleka kwingine, akajifunza elimu ya dira, na mwaka 1933 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mshika dira katika jeshi la anga la nchi yake. Mnamo Septemba 1938 yeye, Valentina Grizodubova na Polina Osipenko walirusha ndege moja kutoka Moscow hadi Mashariki ya Mbali bila ya kutua. Mafuta yalipokaribia kwisha, Raskova, ambaye kiti chake kilikuwa kwenye pua ya kioo, aliamriwa aruke kwa mwavuli ili asipondwe ndege itakapotua kwa tumbo msituni. Akatembea siku 10 katika msitu wa taiga, akiba yake ikiwa ni chokoleti mbili, mpaka akaifikia ndege na wenzake. Watatu hao wakapewa cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovieti, na nchi nzima ikamjua.

Kujulikana huko ndiko kulikomfaa mwaka 1941. Katika miaka ya thelathini vilabu vya urubani vilikuwa vimefundisha wasichana wengi kurusha ndege, na vita ilipoingia Juni mwaka ule wasichana hao walikwenda kujiandikisha wakarudishwa nyumbani. Barua zao zikamfikia Raskova. Akazichukua, akazipeleka kwa wakubwa, na tarehe 8 Oktoba 1941, Wajerumani wakiwa wanaikaribia Moscow, ikatoka amri ya kuunda vikosi vitatu vya wanawake: cha 586 cha ndege za kupambana na ndege, cha 587 cha mabomu ya mchana na cha 588 cha mabomu ya usiku. Katika vikosi viwili vya kwanza baadaye waliingia wanaume, hata katika ukamanda. Cha 588 hakikuingia mwanamume hata mmoja mpaka kilipovunjwa.

Mafunzo yalifanyika Engels, mji ulio kando ya mto Volga. Masomo ya miaka miwili au mitatu yalibanwa katika miezi michache. Nguo walizopewa zilikuwa za wanaume, zikiwamo za ndani, na viatu vilikuwa vikubwa kiasi cha kujazwa matambara. Ikatoka amri nywele zikatwe kama za wavulana; aliyetaka kubaki na misuko yake ilimpasa apate ruhusa ya Raskova mwenyewe. Raskova hakuiona kazi ya wanafunzi wake hata kwa mwaka mmoja kamili. Tarehe 4 Januari 1943 ndege yake iligonga ukingo wa mto katika hali mbaya ya hewa, alipokuwa akikipeleka kikosi cha 587 Stalingrad, na majivu yake yakazikwa katika ukuta wa Kremlin. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Kikosi cha 588 kilipewa ndege iliyoitwa U-2, na tangu mwaka 1944, baada ya kufa mhandisi wake Nikolai Polikarpov, ikaitwa Po-2. Ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya ishirini kwa ajili ya kufundishia wanafunzi. Mifupa yake ni mbao, ngozi yake ni kitambaa cha pamba kilichopakwa rangi ya kukikaza. Mabawa mawili, moja juu ya jingine, yameunganishwa kwa nguzo na nyaya. Injini ina nguvu za farasi 100 au zaidi kidogo, na mwendo wake ukiwa na mzigo hauzidi sana kilomita 100 kwa saa, yaani gari zuri kwenye barabara nzuri laweza kuiacha. Wanaokaa ndani ni wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, na juu ya vichwa vyao hakuna paa. Upepo wa baridi ya Urusi uliwapiga usoni. Risasi ya moto ikipenya kitambaa kile, ndege iliwaka kama makuti ya kiangazi.

Kwa muda mrefu hawakuchukua miavuli ya kujiokolea. Uzito wa miavuli miwili, kwa hesabu yao, ulikuwa ni uzito wa bomu, na wakachagua bomu. Miavuli iliingia katika kiangazi cha mwaka 1944. Bunduki ya rashasha nayo ilichelewa vivyo hivyo. Kwa hiyo katika miaka miwili ya mwanzo, mwanamke aliyepanda ndege ile hakuwa na cha kujibia mapigo wala cha kurukia. Alikuwa na bastola, ramani, dira na saa.

Ramani, dira na saa havikuwa vitu vya dharau. Kiswahili kimemwita anayerusha ndege rubani, na neno hilo lilikuwa la baharini kabla ya kupanda angani: ni yule ajuaye miamba na mikondo, anayekiingiza chombo bandarini. Katika ndege ya kikosi hiki kazi hiyo ya kale waligawana wawili. Wa mbele aliendesha, na wa nyuma, mshika dira, alihesabu mwendo, upepo na dakika, akatambua mto au reli kwa weusi wake juu ya weusi wa ardhi, akarusha fataki ya kumulikia shabaha, akaangalia, akavuta waya wa kuachia mabomu. Makosa ya dakika mbili yalitosha kuwapeleka wanawake wawili juu ya mizinga ambayo hawakuitarajia, au kuwaangushia mabomu watu wao wenyewe.

Mahali pa kurukia palikuwa ni shamba au kiwanja cha kijiji kilichokaribiana na mapigano, ili safari moja isizidi saa moja au hata ipungue. Taa za kutulia zilikuwa kandili za mafuta zilizowekwa chini kwa namna ya kuonekana kutoka upande mmoja tu. Ndege ziliondoka moja baada ya moja kwa kupishana dakika chache. Aliyerudi hakushuka. Wanawake wa chini waliikimbilia ndege ingali inanguruma, mmoja akijaza mafuta, mwingine akikagua injini, na mafundi wa silaha wakayabeba mabomu kwa mikono, wakapiga magoti kwenye tope au theluji na kuyapachika chini ya mabawa kwa kupapasa, kwani glovu hazikuwezesha vidole kufanya kazi ile. Dakika chache baadaye ndege ilikuwa imekwisha ondoka tena. Katika usiku mrefu wa majira ya baridi ndege moja iliweza kwenda na kurudi mara 10, 15, wakati mwingine zaidi. Bi Nadezhda Popova, aliyefariki mwaka 2013 akiwa na safari 852 katika kumbukumbu zake za vita, aliwahi kufika 18 kwa usiku mmoja.

Wanawake wa chini hawana jina la kutisha. Hakuna mwandishi wa gazeti aliyewaita wanga. Na bila ya mikono yao ile hesabu ya safari isingefika robo.

Khabari moja ya mafundi hawa inasimuliwa na mnadhimu wao mwenyewe. Fataki za kumulikia zilishushwa kwa miavuli midogo ya kitambaa chepesi. Wasichana wawili waliifungua fataki, wakachukua mwavuli na kujishonea nguo za ndani, kwani zile walizopewa na serikali zilikuwa za askari wanaume. Mahakama ya kijeshi ikawahukumu miaka kumi kila mmoja. Kikosi hakikuwatoa, walibaki kazini, na mmoja wao baadaye alisomea kazi ya ushika dira, akaruka na akafa vitani. Miaka kumi kwa kipande cha kitambaa! Huku nyuma wenzao walikuwa wakitoa nyuzi za buluu katika nguo zao na kutarizi maua madogo kwenye vitambaa vya kufungia miguu. Mtu aweza kuandika utenzi mzima juu ya vita vya wanawake hawa na asihitaji kutaja bomu.

Jina la wanga halikuwa la kwanza. Marubani wa kiume waliokuwa jirani nao waliwadhihaki kwa kukiita kikosi chao "cha Dunka", kwa kulifupisha vibaya jina la kamanda wao, Bi Yevdokia Bershanskaya, kama mtu wa kwetu angesema "kikosi cha akina Mwanakombo" na kucheka. Bershanskaya hakujibu kwa maneno. Alikuwa rubani wa kiraia mwenye uzoefu wa miaka, mpole, na alikishika kikosi kile tangu mwanzo hadi mwisho. Tarehe 8 Februari 1943 kikosi kilipandishwa daraja kikaitwa cha 46 cha Walinzi, na yeye akawa mwanamke pekee aliyetunukiwa Nishani ya Suvorov, ambayo ilikuwa ya makamanda wa mapigano. Dhihaka ya Dunka ikabaki, lakini sasa wakiitaja wenyewe kwa kicheko chao.

Mwaka huo wa 1943 ndio uliokuwa mzito kwao. Walikuwa katika Kuban na rasi ya Taman, mahali ambapo bahari ya Azov na bahari Nyeusi zinakaribiana, na Wajerumani walikuwa wamejenga ngome ndefu iliyojulikana kwa jina la Mstari wa Buluu. Usiku mmoja wa Aprili, karibu na Novorossiysk, ndege ya adui ilimpiga Bi Yevdokia Nosal kichwani alipokuwa akirusha ndege. Huyu ni mama ambaye mtoto wake mchanga aliuawa kwa bomu katika siku za kwanza za vita. Alikufa papo hapo na mwili wake ukalalia usukani. Nyuma yake alikuwa mshika dira Glafira Kashirina. Kwa bahati ndege ile ilikuwa na usukani mwingine nyuma, na washika dira wa kikosi walikuwa wamefundishwa kuutumia. Kashirina akasimama, akamshika mwenzake kwenye ukosi na kumvuta nyuma kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akairudisha ndege nyumbani gizani na kuitua. Nosal akawa wa kwanza katika kikosi chake kupewa cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovieti, naye hayuko duniani.

Kashirina aliendelea kuruka. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 1943 alikuwamo miongoni mwa waliotumwa juu ya Mstari wa Buluu. Ndege ya mbele ilipofika, taa kubwa za kusakia ziliwashwa zikaikamata, lakini mizinga ya kutungulia haikulia. Marubani waliokuwa nyuma wakaona jambo hilo wasilifahamu: mwanga bila ya mlio. Walikuwa wamezoea kuijua khatari kwa kelele zake. Kisha ndege ile ikawaka moto ikaanguka. Ya pili ikashikwa na taa, kimya kile kile, ikawaka. Adui alikuwa ameinyamazisha mizinga kusudi, na gizani alikuwa ametuma ndege ya kuwindia usiku. Po-2 iliyokuwa ndani ya miale ile meupe ilikuwa kama nondo juu ya chimni. Waliofuata wakafahamu, wakashuka chini kabisa na kupita karibu na ardhi ambako mwindaji hakuweza kuwafuata. Hata hivyo zilianguka ndege nne, wanawake wanane, kwa muda mfupi usiozidi ule wa kupika chai. Kashirina alikuwa mmoja wao.

Mwingine alikuwa Galina Dokutovich, msichana kutoka Gomel. Mwaka mmoja kabla, alikuwa amejilaza kwenye majani pembeni mwa kiwanja akipumzika baina ya safari, lori la mafuta likamkanyaga mgongo gizani. Akalazwa hospitali kwa miezi. Angeweza kubaki nyuma, na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi kikosini na maumivu yake, akayaandika katika shajara ambayo imehifadhiwa na kuchapishwa, na akaruka mpaka usiku ule.

Ni hapa ambapo neno la Kiswahili linageuka mkononi. Wanga waliuawa na mwanga. Giza, ambalo kwa watu wengine ni khofu, kwao lilikuwa stara. Nuru ndiyo iliyokuwa adui. Marubani waliookoka walieleza namna boriti za taa zilivyowapofusha, mtu akapoteza juu na chini, asijue kama anapanda au anaporomoka, na kilichobaki ni kuinamisha kichwa ndani na kuamini saa za vipimo. Mwandishi wa mashairi aliyezoea kuifanya nuru kuwa wema na giza kuwa uovu hana budi akae na jambo hili kidogo kabla ya kuandika.

Miezi mitatu baadaye, Novemba 1943, wanamaji wa Kisovieti walishuka pwani ya Eltigen, kusini ya Kerch, wakazingirwa. Njia ya baharini ikafungwa. Wale wanawake wakapewa kazi nyingine: badala ya mabomu walifungiwa chini ya mabawa magunia ya chakula, dawa na risasi. Ukanda uliokuwa bado mikononi mwa wanamaji ulikuwa mwembamba. Gunia likidondoshwa mbali kidogo linaingia baharini au kwa Wajerumani. Kwa hiyo walishuka chini mno, injini wakaipunguza, wakawapigia kelele watu wa chini kuuliza walipo, na kutoka kwenye mahandaki wakajibiwa na sauti za wanaume. Anayejua pwani, anayejua upepo wa bahari unavyokigeuza chombo chepesi usiku, ataelewa kazi ile bila ya kuelezwa zaidi. Baadhi ya wanamaji waliotoka hai Desemba waliwatafuta wanawake wale kuwashukuru.

Katika kusimulia sifa zao mara kwa mara hutajwa kuwa kikosi hiki kiliangusha tani 23,000 za mabomu. Takwimu hii imerudiwa mno, nayo haisimami. Safari za vita zilizohesabiwa ni zaidi kidogo ya 23,600. Kama tani zingekuwa 23,000, basi kila ndege ingebeba karibu tani nzima kwa safari moja, na Po-2 yenyewe ikiwa tupu ina uzito wa kilo zisizofika 800. Hesabu ya kikosi ni tani zinazokaribia 3,000, yaani kilo 120 na ushei kwa safari, na hiyo ndiyo inayolingana na mbao na kitambaa. Yumkini aliyeanza kukosea alichanganya idadi ya safari na idadi ya tani, na waliomfuata wakaona namba kubwa inapendeza zaidi. Lakini ukweli ndio mkubwa. Kupeleka tani 3,000 kwa vifurushi vya kilo 120, kimoja kimoja, usiku mmoja mmoja kwa miaka mitatu, kuanzia Caucasus mpaka Ujerumani yenyewe, ni jambo ambalo namba ya uongo inalipunguza. Waliokufa ni kama 30, na waliopewa cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovieti ni 23.

Baada ya ushindi wakaambiwa wanyamaze. Mnamo Julai 1945 Mikhail Kalinin, aliyekuwa kiongozi wa bunge la nchi, alipowahutubia wanawake waliokuwa wakitoka jeshini, aliwanasihi wasijivune na wasizungumzie utumishi wao, bali wawaachie wengine wawasemee. Kikosi kikavunjwa Oktoba mwaka ule ule. Ilichukua miongo mpaka mwandishi Svetlana Alexievich alipotoa, mwaka 1985, kitabu cha sauti za wanawake waliopigana vita ile, na wengi wa waliosema humo walikuwa wakisema kwa mara ya kwanza. Nasaha ya Kalinin ilikuwa ya adabu kwa sura yake, na ni adabu ile ile ambayo nchi nyingi huwafundisha wanawake: wacha wengine wakusemee. Wengine hawakusema.

Huko Marekani mambo yalikuwa na sura nyingine na hatima iliyokaribiana. Wanawake 1,074 walihitimu katika utumishi ulioitwa WASP, wakazisafirisha ndege za kivita kutoka viwandani na kuvuta shabaha za mazoezi. Walikufa 38. Kwa kuwa walihesabiwa raia, serikali haikugharamia hata kusafirisha maiti zao, wenzao walichangishana. Hadhi ya wanajeshi wastaafu waliipata mwaka 1977. Mmoja wao, Anne Noggle, ambaye baadaye alikuwa mpiga picha, alikwenda Urusi akawatafuta marubani wanawake waliozeeka, akawapiga picha na kuwasikiliza, na mwaka 1994 akatoa kitabu cha masimulizi yao. Rubani akamwuliza rubani. Huenda ndiyo maana walimwambia mengi.

Wengi wa wanawake wa kikosi cha 46 walikuwa wanafunzi kabla ya vita na walirudi kwenye vitabu. Meklin na mwenzake Rufina Gasheva walisomea lugha za kigeni na kufanya kazi katika uchapishaji wa kijeshi. Gasheva alifundisha Kiingereza. Rakobolskaya alirudi Chuo Kikuu cha Moscow, akawa profesa wa fizikia, na somo lake likawa mionzi inayotoka mbali angani na kuipiga dunia. Alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 96. Kila tarehe 2 Mei waliobaki walikutana Moscow kwenye kiwanja kilicho mbele ya jumba la Bolshoi.

Hakurudi Bi Yevgenia Rudneva. Huyu alikuwa mwanafunzi wa elimu ya nyota katika chuo kile kile, na kabla ya vita alikuwa akifuatilia nyota ambazo mwanga wake huzidi na kupungua. Jeshini akawa mshika dira mkuu wa kikosi, akawafundisha wenzake, na nyakati za mapumziko akawasimulia hadithi za kale na za mbinguni. Alikuwa na desturi ya kuruka na marubani wapya katika safari zao za mwanzo ili wasiogope. Usiku wa tarehe 9 Aprili 1944, karibu na Kerch, alikwenda na rubani mpya, Panna Prokopyeva. Ilikuwa safari yake ya 645. Mizinga ikaiwasha ndege yao, nao hawakuwa na miavuli. Wenzao waliokuwa angani waliona fataki za rangi zilizokuwa ndani ya ndege zikilipuka moja moja ilipokuwa ikianguka.

Mwaka 1972, katika rasi ile ile ya Crimea alikokufa, wanajimu waligundua sayari ndogo inayolizunguka jua. Imeandikwa katika orodha kwa namba 1907, na jina lake ni Rudneva. Haionekani kwa macho matupu.